Neno "Boyi" na Visawe Vyake: Historia Fupi Kutoka Kikula, Likasi

Miongoni mwa nomino za Kiingereza zilizoingia katika Kiswahili katika karne moja na ushei iliyopita, ni chache zilizoenea kama neno boy, na ni chache zaidi zilizobeba mzigo wa kihistoria unaolingana na wake. Katika Afrika Mashariki neno hili hutamkwa boi, na wingi wake ni maboi. Katika Kiswahili cha Katanga hutamkwa boyi, na wingi wake huwa maboyi au baboyi, kwani lahaja hiyo hutumia kiambishi ba- pale Kiswahili sanifu kinapotumia wa-. Maana kuu ni ile ile pande zote mbili: mtumishi wa kiume wa nyumbani. Lakini maana hiyo haitoshi kulieleza neno. Yapo maneno mengine yaliyolizunguka, mengine yakashindana nalo, mengine yakalificha, na mengine yakairithi nafasi yake lilipoanza kuonewa haya. Makala haya yanafuatilia historia hiyo kwa kuangalia zaidi Kikula, komini mojawapo kati ya nne za mji wa Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga, nchini Kongo.

Likasi ni mji uliozaliwa na shaba. Wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mhandisi wa Kibelgiji aliyekuwa miongoni mwa vigogo wa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966, wakati ule ule Elisabethville ilipoitwa Lubumbashi. Komini za Panda na Shituru ziliambatana na viwanda vya kampuni na kambi za wafanyakazi wake. Aliyeishi kambini alipewa na kampuni nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Ndiyo maana kampuni ikazoeleka kuitwa baba na mama. Kikula ilikuwa na hali nyingine. Hapo ndipo walipokaa Waafrika ambao hawakuwa chini ya malezi hayo: wachuuzi, mafundi wa kujitegemea, makarani wa ofisi mbalimbali, na wale waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu. Kwa hiyo anayetafuta historia ya neno boyi katika mji huu hana budi kuitafuta Kikula kabla ya Panda. Mchimbaji wa kampuni ana takwimu zake, faili zake na vitabu vilivyoandikwa juu yake. Boyi alikuwa na bwana mmoja, na bwana alipohama, mara nyingi kumbukumbu ya kazi yake ilihama naye.

Swali la kwanza ni jinsi neno la Kiingereza lilivyoweza kutia mizizi katika koloni la Wabelgiji waliosema Kifaransa na Kiflemi. Jibu lipo kwenye reli. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, ikipita Rhodesia, na shaba ya kwanza ikayeyushwa huko mwaka 1911. Pamoja na reli walikuja mafundi wa Kizungu kutoka Afrika Kusini na Rhodesia, na vibarua wengi Waafrika kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambao sehemu yao waliandikishwa na kampuni ya Robert Williams, Mwingereza aliyekuwa mmojawapo wa waasisi wa Union Minière. Mgodi wa mwanzo wenyewe ulijulikana kwa jina la Kiingereza, Star of the Congo, kabla ya kuitwa Étoile. Katika migodi ya kusini mwa Afrika kila mfanyakazi Mweusi aliitwa boy: wa mgodini, wa jikoni, wa bustanini; na aliyewasimamia wenzake naye akaitwa hivyo hivyo, ila kwa kuongezewa cheo mbele. Msamiati huo ndio uliovuka mpaka.

Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni katika Kongo ya Kibelgiji, ameonyesha kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watawala waliingiwa na wasiwasi juu ya nguvu ya Kiingereza huko Katanga, na kwamba kukubaliwa kwa Kiswahili kama lugha ya kazi kulikuwa, kwa sehemu, njia ya kuukata uzi uliowafunga wafanyakazi na kusini. Uzi ulikatwa, lakini neno boy lilibaki. Tena lilibaki katika Kifaransa cha koloni kiasi cha kuzaa watoto: boyerie, yaani vyumba vya watumishi nyuma ya nyumba ya Mzungu, na boyesse, mtumishi wa kike. Msimamizi wa wafanyakazi, kwa upande wake, alipata jina lenye asili ya Kireno, kapita, na mfuaji nguo akaitwa lavadère, neno lingine la Kireno lililovishwa Kifaransa. Jikoni mwa Mzungu wa Jadotville palikuwa na lugha nne au tano kabla hata chai haijachemka.

Ikumbukwe kwamba neno lenyewe huko Uingereza halikuanza na maana ya mtoto wa kiume. Katika Kiingereza cha zama za kati lilimaanisha kwanza mtumishi au mtu wa hali ya chini; maana ya mvulana ilizidi kushika nguvu baadaye. Wakoloni hawakuligeuza jina la mtoto likawa la mtumishi. Waliufufua ukoo wa zamani wa neno hilo. Na Waingereza hawako peke yao. Neno la Kilatini puer na la Kigiriki pais yalitumika kwa mtoto na kwa mtumwa pia, na Mfaransa hadi hivi karibuni alimwita mhudumu wa mkahawa kwa neno la mvulana. Inaelekea kwamba jamii nyingi zenye mabwana na watumishi huona ni rahisi kumwagiza mtu mzima pale anapokwisha kuhesabiwa kuwa mtoto.

Je, Kiswahili hakikuwa na neno lake? Kilikuwa nayo, tena mengi, na mengi kati yake yamejengwa juu ya mzizi mmoja: -tum-. Mtumwa ni yule anayetumwa bila hiari. Mtumishi ni yule anayetumikia. Mtume naye ametumwa, ila na Mungu. Kiswahili cha Katanga kimeuchukua mzizi huu kikaupeleka mahali ambapo pwani haikuufikisha. Huko kutumika ni kufanya kazi, basi. Mtu wa Likasi akisema anatumika ku Panda, anasema tu kwamba ana kazi Panda. Mtu wa Mombasa au Tanga akiyasikia maneno hayo hudhani msemaji analalamika kuwa kuna mtu anayemtumia kwa faida yake. Mutumiki ni mfanyakazi yeyote, awe fundi wa umeme au karani. Bwana aliyemo ndani ya mzizi huo amefutika, ikabaki kazi. Hilo ni badiliko kubwa la kimaana, na inafaa kuuliza kama lingewezekana bila boyi. Pale ambapo neno la kigeni lilijitwalia utumishi wa nyumbani pamoja na unyonge wake wote, mutumiki aliachwa huru awe mfanyakazi mwenye heshima yake. Dhana hii haiwezi kuthibitishwa kwa mfano mmoja, lakini inaoana na jinsi maneno hayo mawili yalivyogawana kazi.

Kuna andiko moja ambalo kila mjadala kuhusu neno hili lazima ulifikie. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru na mwaka mmoja kabla ya majina ya miji kubadilishwa, André Yav, mtu aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, alitunga kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya wazee wenzake waliofanya kazi hiyo. Andiko hilo lilipigwa taipu likasambazwa kwa nakala chache. Baadaye lilimfikia Fabian, ambaye alilichapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo, akisaidiwa na Kalundi Mango. Walter Schicho aliongeza maelezo ya kiisimu. Maandishi ya Yav hayakufuata tahajia sanifu: mahali pengine maneno yameunganishwa, pengine yamekatwa katikati. Ilibidi Kalundi Mango alisome kwa sauti, likarudishwa kuwa usemi, ndipo likaweza kuandikwa upya na kueleweka sawasawa. Kwa wanafunzi wa isimu hilo peke yake ni somo kubwa kuhusu uhusiano wa sauti na herufi.

Jambo linalohusu makala haya zaidi ni jina la andiko. Yav hakuliita historia. Aliliita Vocabulaire, yaani msamiati, wa mji wa Elisabethville. Wasomaji wengi wamelishangaa jina hilo, kwa kuwa ndani yake hamna orodha ya maneno. Mna habari za mfalme Leopold wa Pili, za makampuni, za mishahara, za mabwana wema na wabaya, na za hofu ya watu kukamatwa usiku wakapotea. Lakini vocabulaire ndilo lililokuwa jina la vijitabu walivyopewa Wazungu waliofika Kongo ili wajue namna ya kusema na watumishi wao. Vijitabu hivyo vilijaa vitenzi vya kuamuru: leta, toa, pika, fagia, ondoka. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na vyake. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa huko Kenya kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kilichowataja wazi wasomaji wake kuwa ni askari, walowezi, wachimba migodi, wafanyabiashara na wake zao. Katika vitabu vya aina hii boyi yumo katika kila ukurasa, na hasemi neno. Anapojibu, hujibu "ndiyo, bwana". Iwapo Yav alilichagua jina lake kwa makusudi au alilizoea tu kutoka kwenye meza za mabwana, matokeo ni yale yale: msamiati wa safari hii umeandikwa na yule aliyekuwa akiamriwa, na ndani yake Wazungu ndio wanaoelezwa, kupimwa na kupewa majina.

Utoaji wa majina, kwa hakika, haukuwa wa upande mmoja hata wakati wa ukoloni. Osumaka Likaka, katika utafiti wake wa mwaka 2009, amekusanya lakabu ambazo Wakongo waliwapa Wazungu, akaonyesha jinsi zilivyohifadhi kumbukumbu za ukatili, ubahili, mwendo na tabia ya kila mmoja. Bula Matari, lililokuwa jina la Stanley na hatimaye likawa la serikali nzima, ndilo linalojulikana zaidi. Boyi alikaa karibu na Mzungu kuliko Mwafrika mwingine yeyote. Alimwona akiwa mgonjwa, akiwa amelewa, akigombana na mkewe. Mtu aliyeitwa mtoto ndiye aliyezijua siri za watu wazima, na jioni aliporudi Kikula alikuwa na habari ambazo mfanyakazi wa tanuri la Panda hakuwa nazo.

Hapo juu limetajwa neno boyesse. Lilikuwepo, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya wanaume kwa sehemu kubwa, jambo linaloweza kumshangaza msomaji wa leo. Karen Tranberg Hansen, aliyechunguza watumishi wa nyumbani nchini Zambia katika kitabu chake cha mwaka 1989, anaeleza kwamba huko, ng'ambo ya mpaka wa Katanga, utumishi uliendelea kuwa wa wanaume katika kipindi chote cha ukoloni, na kwamba sababu mojawapo ilikuwa wasiwasi wa wake wa Kizungu juu ya wanawake Waafrika ndani ya nyumba zao. Kwa upande wa Kongo ushahidi wa lugha ni mzito zaidi. Neno la Kifaransa ménagère, ambalo kwao ni mwanamke atunzaye nyumba, katika Kongo ya Kibelgiji lilikuwa jina la hawara Mwafrika wa Mzungu. Baada ya neno hilo kuchafuliwa hivyo, familia ya Kikula isingefurahia binti yake atafutiwe kazi chini ya jina hilo. Mwanamume akaendelea kupiga pasi sketi na kuwaogesha watoto wa watu, akiitwa mvulana, huku yeye mwenyewe akiwa na mke na watoto nyumbani kwake.

Fedheha iliyomo ndani ya neno hili haikuhitaji mwanaisimu kuifafanua. Tarehe 30 Juni 1960, katika hotuba ya siku ya uhuru, Patrice Lumumba aliwakumbusha wasikilizaji kwamba Mwafrika alikuwa akiitwa kwa kiwakilishi "tu", si kwa urafiki, bali kwa sababu "vous" ya heshima iliwekewa Wazungu. Mfalme Baudouin alikuwepo akisikiliza. Kiwakilishi hicho na neno boy ni pacha. Vyote viwili vilimkatalia mtu utu uzima. Riwaya mbili maarufu za kipindi hicho zina neno hili katika majina yake: Mine Boy ya Peter Abrahams kutoka Afrika Kusini (1946) na Une vie de boy ya Ferdinand Oyono kutoka Kamerun (1956). Waandishi hao waliandika kwa lugha mbili tofauti, na neno likabaki moja.

Hapa ni vizuri kulinganisha na Afrika Mashariki, ambako boi lilipata ukoo mkubwa zaidi. Kuna hausiboi na shambaboi, ambao kazi zao hazihitaji maelezo. Kuna taniboi, msaidizi wa dereva wa lori, ambaye Tanzania huitwa pia utingo. Kuna spanaboi, kijana wa gereji anayempa fundi vifaa. Katika maneno haya mawili ya mwisho bwana Mzungu hayupo tena. Kilichobaki ni uhusiano wa fundi na mwanagenzi, na hata utani kidogo. Kisarufi pia neno limejipatia makao ya ajabu: kwa wingi huchukua ma-, sawa na makarani, madaktari na mabwana. Maboi na mabwana wamo katika safu moja ya ngeli, jambo ambalo mabwana hawakulikusudia. Watumishi wenyewe, hata hivyo, walipojiundia chama Dar es Salaam katika miaka ya 1940, hawakujiita maboi. Walijitambulisha kwa kazi zao: wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Kiafrika. Waliitaja kazi badala ya umri.

Baada ya uhuru huko Kongo, nyumba nyingi za Jadotville ya zamani zilipata wakazi wapya Wakongo, na boyeries zikabaki nyuma yake zikiwa na matumizi yale yale. Mwaka 1972, katika siasa za uhalisi za Mobutu, watu wote waliamriwa kuitana raia badala ya Bwana na Bibi kwa Kifaransa. Amri hiyo ilibadilisha namna ya kuitana ofisini na redioni. Haikumgusa boyi, kwa maana hakuwahi kuitwa Bwana hata anyang'anywe. Tofauti ilikuwa kwamba sasa neno lilitoka katika kinywa cha Mwafrika mwenzake, pengine wa kabila lake na kanisa lake.

Ugumu halisi ulikuja uchumi ulipoporomoka. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi wapatao 10,000 waliachishwa katika mpango uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ameliita jambo hili, katika jina la kitabu chake cha mwaka 2001, kutelekezwa kwa watoto wa shaba na baba yao. Mtu ambaye mshahara wake hauji hawezi kumlipa mtumishi. Lakini maji lazima yatekwe, nguo zifuliwe na mtoto mdogo abebwe mgongoni. Kazi hiyo, katika miji ya Katanga kama kwingineko katika eneo hili, huangukia mara nyingi mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya shule. Huyo haitwi boyi. Huitwa mtoto, mdogo, au mpwa, na kwa kuwa ana jina la ukoo, hana mshahara.

Mtafiti anayetoka pwani anaweza kupotea hapa kwa sababu ya kisawe kimoja. Neno yaya katika Kiswahili cha Kenya na Tanzania ni mwanamke alezaye watoto wa watu kwa malipo. Katika Kiswahili cha Katanga yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike, na ni neno la heshima. Akisikia Kikula kwamba yaya ndiye anayemwangalia mtoto, mgeni ataandika katika daftari lake kwamba nyumba hiyo ina mtumishi wa kuajiriwa, na atakuwa amekosea. Afrika Mashariki nako kumefanyika mzunguko unaofanana na huo kwa njia nyingine: hausigeli ameitwa dada wa kazi, au dada tu, na vijana wa mitaani Tanzania wamemwita kwa mzaha beki tatu. Janet Bujra, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu Tanzania, ameeleza jinsi kazi hii ilivyohama kutoka mikononi mwa wanaume kwenda kwa wanawake. Majina yalihama pamoja nayo, kutoka kwenye umri kwenda kwenye udugu.

Boyi lilikuwa tusi, lakini tusi lililokiri kwamba pana kazi na pana bwana anayedaiwa ujira. Dada ni heshima, lakini ni vigumu kumdai dada mkataba, siku ya mapumziko au malipo ya ugonjwa, na yeye mwenyewe huona aibu kuyadai kwa watu wanaomwita hivyo. Ndiyo sababu vyama vya wafanyakazi, kama CHODAWU cha Tanzania, na Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2011, vimeng'ang'ania istilahi kavu isiyo na utamu wowote: mfanyakazi wa nyumbani. Kiswahili cha Katanga hakihitaji kuazima istilahi hiyo. Tangu zamani kina mutumiki, neno ambalo mfanyakazi wa Panda na wa Shituru alijiita bila kuona haya. Lililobaki ni kulipitisha mlango wa jikoni.